Gramu 4.6 za Shabu

Kisa hiki nimekitunga, ila maji yake ni ya kweli.

Singida ni nchi ya majabali. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za itale, hukaa chini muda mrefu yakigusana na madini yenye florini, na ndiyo maana baadhi ya visima vya mkoa huu hutoa maji yenye floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania, kwa uhaba wa maji vijijini, iliruhusu hadi miligramu 8; siku hizi kiwango cha taifa nacho ni 1.5. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi wakati meno yake ya kudumu yangali yanajengeka ndani ya taya, tangu uchanga hadi kama miaka 8, huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia.

Kijana wa kisa chetu alikuwa kidato cha tatu, akiishi kwa bibi yake pamoja na mdogo wake wa miaka 4. Meno ya bibi yalikuwa ya kahawia tangu utotoni, na kijana hakutaka ya mdogo wake yawe hivyo. Shuleni alikuwa amesoma njia ya Nalgonda, iliyopewa jina la wilaya moja ya India yenye shida kama ya kwao: unatia shabu na chokaa ndani ya maji, unakoroga, yanatokea mabonge laini yanayonasa floraidi na kuzama nayo. Maelezo ya kazi ya mradi aliyopewa shuleni yalimpa kiasi cha alumini peke yake, gramu 1 kwa ndoo ya lita 20. Apime shabu kiasi gani ili apate gramu hiyo? Hapo alitakiwa ajitafutie.

Aliandika fomula haraka: AlSO₄. Mkono ulikuwa umezoea. Mrututu ni CuSO₄, jasi inayochimbwa Itigi ina CaSO₄, salfeti ya magnesiamu ni MgSO₄. Kila salfeti aliyowahi kukutana nayo ilikwenda moja kwa moja. Akajumlisha: alumini 27, salfeti 96, jumla 123. Akagawanya 123 kwa 27, akapata gramu 4.6 za shabu. Akapima kwa uangalifu mkubwa, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu mizani haikuwa na kosa lolote.

Maji yalitakata. Tope lote lilizama, juu pakabaki maji meupe kama ya chupa. Bibi alionja akafurahi.

"Mjukuu wangu, leo tunakunywa maji ya mjini."

Mdogo wake akapewa kikombe. Wiki iliyofuata kijana alikwenda kwa mwalimu wa kemia na daftari lake.

"Shikamoo mwalimu. Yale maji ya bibi yametakata kabisa."

"Marahaba. Yametakata, sawa. Floraidi uliipima?"

Hakuwa ameipima. Shabu kidogo tu inatosha kuzamisha tope. Kuondoa floraidi kunataka shabu mara kadhaa ya hiyo. Na floraidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo jicho halina la kusema juu yake. Mwalimu alifungua daftari, akaona AlSO₄, akamwuliza: ayoni ya alumini ina chaji gani?

"Chanya tatu."

"Na salfeti?"

"Hasi mbili."

"Basi hapa nani amelipa deni la nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha somo zima. Kampaundi ya ayoni haina chaji inayobaki: jumla ya chanya lazima ilingane na jumla ya hasi. Katika CuSO₄ mbili zinakutana na mbili, kazi imekwisha. Katika AlSO₄ chanya moja imebaki inaning'inia, na kitu hicho hakipo dukani wala ardhini. Mwalimu alimrudisha kwenye hesabu za shule ya msingi, KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ya 3 na 2. Ni 6. Ili kufikia chanya sita zinatakiwa alumini mbili. Ili kufikia hasi sita zinatakiwa salfeti tatu. Al₂(SO₄)₃. Mabano yapo kwa sababu ile 3 inazidisha salfeti nzima, salfa na oksijeni zake zote, kama ilivyo kwenye chokaa, Ca(OH)₂, ambapo wengi huandika CaOH₂ na kupoteza oksijeni moja bila kujua.

Wanafunzi wengi hufundishwa kuvusha namba tu, chaji ya huyu iende chini ya yule. Mbinu hiyo ni ya haraka, lakini anayeitumia bila kuuliza habari ya chaji ataandika jasi Ca₂(SO₄)₂ na kuiacha hivyo, badala ya kuipunguza iwe CaSO₄. Naona heri mwanafunzi achelewe dakika mbili akitafuta KDS.

Wakapiga hesabu upya. Al₂(SO₄)₃ ina uzito wa 342, na ndani yake alumini ni 54. Kwa hesabu hiyo ndoo inataka gramu 6.3. Kijana akashika kalamu aandike jibu, mwalimu akamzuia na kumwambia asome lebo ya mfuko. Iliandikwa Al₂(SO₄)₃·18H₂O. Molekuli 18 za maji zimo ndani ya fuwele na zinapanda mizani pamoja na shabu: 324 zaidi, jumla 666. Gawanya kwa 54. Gramu 12.3.

Kumbe zile gramu 4.6 zilikuwa zimepeleka kwenye ndoo alumini isiyofika hata gramu 0.4.

Mwalimu alitumia dakika zilizobaki kumwonyesha kwa nini maji ya kwao yalikuwa na floraidi nyingi. Ayoni moja ya kalsiamu hushika floraidi mbili, CaF₂, na kampaundi hiyo huyeyuka kwa shida sana. Maji yenye kalsiamu nyingi hayawezi kubeba floraidi nyingi. Sodiamu hushika moja, NaF, ambayo huyeyuka vizuri. Kisima chenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo ndicho cha kuogopwa.

Jioni ile kijana alipima gramu 12.3, akatia na chokaa yake, akakoroga, akaacha maji yatulie. Bibi alikuja na kata yake.

"Bado, bibi. Mwalimu amesema tujaze chupa iende maabara ya maji kwanza."

"Na huyu mtoto anywe nini?"

"Yale ya mvua tuliyokinga kwenye bati, mpaka majibu yarudi."