Pumzi ya Mpiga Tarumbeta: Ufundi ni Mali ya Nani?

Tumfikirie kijana mmoja wa Iramba, katika Mkoa wa Singida, ambaye amejifunza kupiga tarumbeta hata akawapita wenzake. Penye harusi huitwa yeye. Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani, yeye ndiye atanguliaye. Siku moja anajikuta penye njia panda. Bendi ya Dar es Salaam inamtaka. Shule ya sekondari ya jirani nayo inamwomba abaki awafundishe vijana, kwa kuwa ina matarumbeta manne ghalani yasiyo na mwenye kuyapiga. Watu wa kwao wanamwambia: ukienda utakuwa msanii, ukibaki utakuwa mwalimu tu.

Neno hilo “tu” ni dogo, lakini limebeba hukumu nzito. Linadai kwamba ufundi ni mali ya mwenyewe, na kwamba kila saa anayompa mwanafunzi ni saa aliyojinyima. Wengine, kwa nia njema, humfananisha mwalimu na mshumaa ujiteketezao ili kuwaangazia wengine. Hapana budi tuulize: je, kufundisha ni kujipunguza?

Tuanze na chombo chenyewe. Tarumbeta ni bomba la shaba lenye vibonyezo vitatu. Kwa kila namna ya kuvibonyeza, vibonyezo hivyo hulipa bomba urefu wa aina saba tu. Lakini mpigaji hodari hutoa sauti zaidi ya thelathini. Nyingine zatoka wapi? Zatoka midomoni na kifuani mwake, kwa jinsi akazavyo midomo na apimavyo pumzi. Elimu hiyo haionekani kwa macho, na kitabu huieleza nusu tu. Hupita kutoka kinywani hadi sikioni: mwalimu hupiga, mwanafunzi husikia, hujaribu, hukosea, husahihishwa. Ndiyo maana baba aweza kumrithisha mwanawe tarumbeta, lakini hawezi kumrithisha mlio wake bila kumfundisha. Matarumbeta yale manne ya ghalani ni shahidi: chombo kisicho na mwalimu ni shaba iliyokunjwa.

Tena elimu hiyo haikuanza kwa mtu mmoja. Kale, watu wa Lamu na Pate walipuliza siwa katika sherehe kuu, na sehemu nyingi za bara pembe ya mnyama iliwakusanya watu. Matarumbeta ya kigeni yalikuja na majeshi ya wakoloni, yakafundishwa ili askari waende kwa hatua moja na kutii. Lakini tangu miaka ya 1890, watu wa Mombasa na Lamu waliuchukua mwendo huo wa gwaride wakaufanya ngoma yao wenyewe, ngoma ya beni, yenye vyama vya kushindana na kusaidiana. Baadaye beni ilienea bara, pamoja na askari na wafanyakazi, katika nchi ambayo reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imepita Manyoni na kufika Kigoma mwaka 1914. Hapo twapata mafunzo mawili. Kwanza, kila apigaye leo alipokea kwa mwingine. Ufundi wake ni amana. Pili, mwalimu hawezi kumwamuru mwanafunzi njia ya kuifuata.

Ulimwengu mpana watuthibitishia hayo. William Vacchiano wa Marekani alipiga tarumbeta katika okestra ya New York Philharmonic tangu 1935 hadi 1973. Katika shule ya muziki ya Juilliard alifundisha tangu 1935 hadi 2002, yaani karibu miaka thelathini baada ya kuondoka jukwaani. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Miles Davis, ambaye hakuketi katika okestra kama mwalimu wake, bali alishika njia ya jazi akasifika duniani kote. Nasi Tanzania tulikuwa na Michael Enoch, mzaliwa wa Zambia, aliyejulikana kwa gitaa na saksafoni katika Dar es Salaam Jazz Band na kisha Mlimani Park Orchestra. Wenzake walimwita “Mfalme”. Walimwita pia “Ticha”. Hawakuona kwamba jina la pili linalipunguza la kwanza.

Kwa hiyo mfano wa mshumaa haufai. Afundishaye hufanana zaidi na mwenye koroboi anayemwashia jirani yake: nyumba ya pili hupata mwanga, na ya kwanza haiingii giza. Zaidi ya hayo, anayelazimika kumweleza mtoto kwa nini sauti imekatika, hujifunza upya jambo ambalo midomo yake ilikuwa ikilifanya bila kuulizwa.

Hata hivyo, tujihadhari tusije tukaitumia hoja hii kumdhulumu kijana wetu. Ni rahisi kumwambia mtu kuwa ufundi wake ni amana ya jamii, kisha jamii hiyo hiyo ikamkumbuka siku ya mgeni rasmi tu, isimpe ujira, wala saa katika ratiba, wala mafuta ya kulainisha vibonyezo. Koroboi nayo hutaka mafuta. Amana ina pande mbili: akiwa na wajibu wa kutoa, sisi tuna wajibu wa kumtunza. Tusipotimiza wetu, hatuna haki ya kumlaumu akipanda basi la Dar es Salaam.

Basi tumwambie nini? Hatumwambii abaki, wala hatumwambii aende. Maisha ni yake. Tunamwomba tu alifute lile neno “tu”. Akienda, na awe na mwanafunzi huko. Akibaki, asiache kupiga. Pumzi aliyoipuliza jioni hii itakwisha kabla watu hawajafika makwao. Ile aliyomfundisha mtoto kuipima yaweza kusikika Iramba siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo.