Uchi mbele ya kamera

Juma lililopita tulipokea barua kutoka Nyamwage, kule Rufiji, mahali ambapo msafiri aendaye Lindi, akisha kuvuka Daraja la Mkapa, huikuta njia panda ya Utete. Aliyeiandika ni baba wa familia ya Kikatoliki, mkulima wa korosho na ufuta, mmoja wa waamini wachache wakaao kwa amani katikati ya ndugu zetu Waislamu. Ametuomba tusitaje jina lake, nasi hatutalitaja. Binti yake anasoma ng'ambo. Hivi karibuni binti huyo alimwandikia mama yake, kwa moyo mweupe na bila kuulizwa na mtu, kwamba alfajiri moja aliungana na mamia ya watu, wanaume kwa wanawake, wakavua nguo zote ili msanii mmoja awapige picha. Hapana jambo jingine lililotendeka. Walipokwisha walivaa, wakanywa chai, wakaenda zao.

Basi nyumba imegawanyika. Mama amelia. Baba mkubwa amesema binti asikanyage nyumbani Krismasi. Kaka yake, fundi wa pikipiki pale njia panda, asema wazee wanapiga kelele bure, kwa maana picha ya watu wote si picha ya mtu. Naye baba atuuliza maswali mawili: Je, ni dhambi? Na je, amfungie binti mlango?

Twajibu hapa gazetini, kwa kuwa familia zenye watoto ng'ambo ni nyingi, na zenye watoto na simu ni nyingi zaidi.

Yafaa kwanza tujue tunasema juu ya kitu gani. Mtu ajulikanaye zaidi kwa picha za namna hiyo ni Mmarekani Spencer Tunick, aliyezaliwa mwaka 1967. Alianzia katika barabara za New York, ambako polisi walimkamata mara kadhaa katika miaka ya 1990. Tarehe 6 Mei 2007 aliwakusanya watu wapatao 18,000 katika uwanja mkuu wa jiji la Mexico, ule ulio mbele ya Kanisa Kuu lenyewe. Mwaka 2016, katika mji wa Hull huko Uingereza, watu wapatao 3,200 walijipaka rangi ya buluu toka utosini hata nyayoni. Watu hawa hawalipwi fedha. Hutia sahihi ya kukubali, hufika kabla ya jua kuchomoza, na baadaye kila mmoja hupewa nakala ya picha. Wengi wao husimulia kwamba haya huwaondoka upesi, kwa sababu mzee na kijana, mnene na mwembamba, mzima na mwenye makovu ya upasuaji, wote wako katika hali moja. Hatuna sababu ya kuwaita waongo. Mwenye kudhani kwamba ni karamu ya ulevi na uasherati hajui asemalo, na Mkristo hana ruhusa ya kulaani kitu kabla hajakifahamu.

Tena asitokee mtu wa kuitumia barua hii ili autukane mwili. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba wazazi wetu wa kwanza walikuwa uchi pasipo kuona haya, na kwamba walipokwisha kuanguka ni Mungu mwenyewe aliyewafanyia mavazi ya ngozi. Hakuwafanyia mavazi kwa sababu mwili umekuwa mbaya. Macho ndiyo yaliyoharibika. Kanisa nalo halikukimbia kuuchora mwili. Katika kikanisa cha Sistina huko Vatikano, Michelangelo alimaliza mwaka 1541 picha ya Hukumu ya Mwisho, yenye umati wa watu walio uchi, na watakatifu wamo. Baada ya Mtaguso wa Trento iliamriwa wafunikwe sehemu za siri, na mchoraji aliyepewa kazi hiyo, Daniele da Volterra, akabandikwa jina la utani la mshona suruali, jina ambalo maskini huyo hajalivua mpaka leo. Picha iliposafishwa, baadhi ya vitambaa vile viliondolewa, na mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II akaadhimisha Misa chini yake.

Lakini Papa huyo huyo, katika mafundisho yake ya Jumatano mwaka 1981, alitenga vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mchoraji na mchonga sanamu huupitisha mwili katika fikira zao. Aliyesimama mbele yao si yeye tena anayeonekana katika jiwe au rangi. Kamera hufanya vingine. Huchukua mwili wa mtu huyu aliye hai na kuwapelekea watazamaji asiowajua, nao hawamjui. Papa hakusema kwamba kila picha ya uchi ni uchafu. Alisema kwamba mwili umeumbwa uwe zawadi ya mtu kwa mtu, na zawadi isiyo na mpokeaji anayejulikana yapotea njiani.

Mzee wetu wa Nyamwage ayajua haya pasipo kusoma Papa yeyote. Kwake Rufiji mwili haukufichwa kila mahali. Mama humwogesha mtoto. Mkunga huona, muuguzi huona. Mwali hufundwa ndani, na somo wake hujulikana kwa jina mpaka uzeeni. Maiti huoshwa na watu wake wa karibu, na hata hapo shuka haiondoki juu yake. Katika mahali pote hapo pana mtu awezaye kuulizwa: Ulimwona mwenzako, ukamtendeaje? Mbele ya picha hakuna wa kuulizwa. Msanii amekwenda zake, waliosimama pamoja wametawanyika, na watazamaji wako katika nchi ambazo binti hatazifika.

Twafika sasa kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko hayo yote, nalo limetokea karibu nasi.

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama kadhaa, wengi wao wazee wa shambani, waliketi katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi pamoja na Profesa Wangari Maathai. Wakafunga kula, wakidai watoto wao waliofungwa kwa ajili ya siasa waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwajia kwa marungu na mabomu ya machozi, na Profesa Maathai akapigwa hata akazimia. Hapo baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari. Kila mwenye kulelewa katika nchi hizi ajua maana yake: mama anayemvulia nguo mtu wa umri wa mwanawe amemwambia kwamba anapigana na tumbo lililomzaa. Baadaye mama wale walipewa hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Waanglikana, wakakaa humo karibu mwaka mzima, mpaka wafungwa wengi walipoachiliwa mwaka 1993. Hali kadhalika mwezi wa Aprili 2015, huko Apaa katika Uganda ya kaskazini, bibi vizee walivua nguo mbele ya mawaziri waliokuja kuweka mipaka katika ardhi ambayo wanakijiji walisema ni yao.

Mama hawa hawakuwa na fedha, wala wakili, wala bunduki. Walikuwa na neno moja lililobaki, nalo ni miili yao. Nasi twasema kwamba neno hilo lilisikika kwa sababu katika nchi hizi bado wako watu wanaogeuza macho. Mahali ambapo uchi wa watu umekwisha kuwa pambo la ukutani, mama wa Apaa angevua nguo na waziri angeendelea kusoma karatasi zake. Twajua kwamba binti mmoja wa Rufiji, katika picha moja ya ng'ambo, hakumnyang'anya mama yeyote neno lake. Lakini desturi hujengwa na watu mmoja mmoja, kila mmoja akisema kwamba yeye ni mmoja tu.

Na hapo ndipo tunapomkatalia kaka yake. Asema kwamba picha ya watu wote si picha ya mtu. Ni kweli, na ubaya wake uko hapo hapo. Katika uwanja wa Mexico watu 18,000 waliwekwa kama mawe ya kutandaza, wazuri kwa macho, na hakuna hata mmoja aliyehitaji jina. Kundi ndilo lililowapa ushujaa. Katika bustani ya Uhuru kila mama alikuwa na mwana wake gerezani, mwenye jina lake. Tofauti ya mambo hayo mawili haimo katika nguo, kwa maana nguo zilivuliwa huku na huku.

Wenzetu wengine watasema kwamba binti alikubali mwenyewe, na kwamba hilo ni jambo kubwa. Naam, ni kubwa, nasi Waafrika twapaswa kulijua kuliko wote. Katika miaka ya 1920 na 1930 Mpolandi mmoja, Casimir Zagourski, aliyefungua duka la picha mjini Léopoldville, alizunguka Kongo na nchi jirani akawapiga picha watu wa makabila, na wanawake wenye vifua wazi wamo. Picha hizo ziliuzwa kama kadi za posta. Wanawake wale hawakuwa uchi machoni pa jirani zao; walikuwa wamevaa kama watu wa kwao. Kadi ndiyo iliyowavua. Binti yetu hakutendewa hivyo, alichagua. Ila kukubali hufanywa alfajiri moja, na picha hukaa miaka hamsini. Mwanamke wa Kongo hakuulizwa. Binti aliulizwa mara moja, naye hataulizwa tena. Akitaka kesho kusema hapana, atamwambia nani?

Binti ameandika pia kwamba picha yao ilikuwa ya kuwasaidia wagonjwa. Twamsadiki. Tarehe 26 Novemba 2022, katika ufuko wa Bondi mjini Sydney, watu wapatao 2,500 walivua nguo mbele ya Tunick ili kuwakumbusha Waaustralia wakapimwe saratani ya ngozi. Nia hiyo ni njema. Ila sisi tunayo saratani hiyo hapa kwetu, nayo yawaua mapema ndugu zetu wenye ualbino. Wanachohitaji ni kofia pana, mikono mirefu ya shati, mafuta ya kukinga jua kama yale yaliyotengenezwa huko Moshi katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, na mtu wa kuwapeleka hospitali kidonda kingali kidogo. Binti akirudi na moyo ule ule, kazi ipo, na nguo zake atabaki nazo.

Basi tumjibu mzee wetu. Kama ni dhambi, na ya kadiri gani, gazeti si kiti cha maungamo. Kanisa lafundisha kwamba dhambi ya mauti yataka jambo zito, kujua kwa hakika na kukubali kwa hiari, na hayo matatu hayapimwi na mhariri. Tuwezalo kusema ni kwamba jambo lenyewe halifai, tumekwisha kueleza kwa nini, na kama binti angetuuliza kabla, tungemwambia asiende. Hakutuuliza. Alimwambia mama yake, naye hakulazimishwa. Mtoto anayeleta mwenyewe habari ambayo angeweza kuificha mpaka kufa bado ana nyumba moyoni mwake. Akifungiwa mlango atajifunza jambo moja tu, kwamba mara nyingine anyamaze.

Wala baba mkubwa asitulaumu tukimkumbusha Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyevua nguo zote hadharani mbele ya baba yake na mbele ya Askofu. Askofu hakumfukuza, alimfunika kwa joho lake. Twajua kwamba kisa kile ni tofauti, kwa maana Fransisko alimrudishia baba yake mali, na binti huyu hakumrudishia mtu kitu. Twautazama mkono wa Askofu tu.

Lakini liko jambo jingine, nalo limo katika ukurasa wa mwisho wa barua, kwa mistari miwili, kana kwamba ni dogo. Binti alimtumia kaka yake picha ile. Kaka akawaonyesha wenzake pale kwenye pikipiki, na sasa imo katika simu nane au tisa, na vijana wanaikuza kwa vidole wakimtafuta dada wa mwenzao.

Hilo limetuchoma kuliko kosa la binti. Nuhu alipolala uchi hemani mwake, mwana mmoja aliona akatoka nje kusimulia. Wawili wakaingia kinyumenyume na vazi mabegani, wasione. Maandiko hayamsemi vibaya Nuhu kwa uchi wake hata nusu ya yanavyomsema yule msimuliaji. Msanii alipiga picha ya kundi. Vijana wa njia panda ndio waliomtoa mtu mmoja katika kundi na kumvua peke yake, bila sahihi yake, nao ni watu wanaojua jina lake, jina la mama yake na mlango wa nyumba yao. Hapo lile la picha ya watu wote limekwisha.

Kwa hiyo, mzee wetu, kabla hujamwandikia binti neno lolote, nenda njia panda pamoja na mwanao. Yeye ndiye aombe, wewe usimame tu. Kila simu ifutwe mbele yenu, na wa kwanza awe yeye. Ukiona vema kumchukua jirani mmoja mzee, Mwislamu, aheshimiwaye na vijana wale, mchukue. Atalielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Baba mkubwa naye mpeni barua ya binti aisome mwenyewe, kwa maana twaona kutoka katika maneno yako kwamba amesimuliwa tu.

Na kuhusu Krismasi, umeandika kwamba tiketi yake ilinunuliwa tangu Agosti kwa fedha za korosho. Aje.