Magofu ya Ibo na mazingatio ya msafiri

Magofu huibua swali: kilichoporomoka kina nini cha kuwafunza walio hai? Katika kisiwa cha Ibo, mkoani Cabo Delgado nchini Msumbiji, mgeni anayezunguka kwa baiskeli hupita kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, mizizi ya miti ikipenya nyufani. Ngome ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, ilijengwa na Wareno mwaka 1791, enzi ambazo biashara ya watumwa ilikitajirisha kisiwa. Ndani ya ngome hiyo masonara wamekuwa wakifua mikufu ya fedha. Kurani huwahimiza watu watembee duniani, watazame mwisho wa waliotangulia. Gofu basi ni shahidi: wenye nguvu walipita, kazi ya mikono ikarithiwa, na waliouzwa wana haki ya kukumbukwa.