Tusi la Watu Wawili

Mimi nauza chakula kituo cha daladala Buguruni, na muuza chakula wa kituoni husikia matusi kabla hajasikia salamu. Wapiga debe wanatukanana, makonda wanatukanana, bodaboda wakigombea abiria ndiyo usiseme. Wengi wao hata hawajakasirika. Wanatukanana huku wanacheka, mmoja kamshika mwenzake bega, kisha wanakaa benchi moja wanakula wali maharage. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: "Mama, sisi tunataniana, wewe yanakuhusu nini?"

Swali hilo silidharau. Wao wawili wameridhiana, hakuna ngumi, hakuna machozi. Hata sheria ni kama iko upande wao: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inamtia hatiani anayemtukana mtu kwa namna inayoelekea kuvunja amani. Inatazama kama ugomvi utazuka, na kwetu hauzuki. Mama aliyebeba mtoto anainamisha kichwa, mwanafunzi anajifanya anasoma ubao wa gari, mzee wa kanzu anasogea pembeni. Amani imebaki kwa sababu wenye haya wamenyamaza.

Utani nao naujua, mimi ni Mzaramo. Msibani nimemwona mtani wetu Mnyamwezi akimsema marehemu kwa ubahili wake mpaka wafiwa wakacheka katikati ya kilio, na juu ya hapo akadai alipwe. Lakini yule anajua anamtania nani, na sisi tuliokaa mkekani tunajua ruhusa yake imetoka wapi: ni ya tangu enzi za misafara, babu zake walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Abiria wa Gongo la Mboto aliyesimama juani hajampa konda ruhusa yoyote.

Halafu lisikilize tusi lenyewe. Anayetukanwa ni kijana aliye mbele yako, anayevuliwa nguo ni mama yake. Wanaume wawili wanacheka hapa Buguruni. Mwanamke yuko shamba anapalilia mihogo, hana habari kwamba mwili wake umeanikwa barabarani. Hilo limekuwaje la watu wawili? Na mimi niliyeshika upawa, niliyezaa, kila kiungo kinachotajwa ninacho.

Ndiyo maana naona Mtume (S.A.W.) aliligusa penyewe. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alisema miongoni mwa madhambi makubwa kabisa ni mtu kuwatukana wazazi wake. Masahaba wakashangaa, nani atafanya hivyo? Akawaeleza kuwa mtu humtukana baba wa mwenzake, naye akarudishiwa wa kwake. Na mama vivyo hivyo. Wengi wanaichukua kama onyo la kisasi, na ni kweli. Mimi naona pia kwamba hesabu anabebeshwa aliyeanza, kwa tusi ambalo mdomo wake haukulitamka. Wala hakuna aliyeulizwa kama walikuwa wanacheka.

Sitaki watu wawe malaika. Bodaboda akinirushia tope kwenye sufuria ya maharage, mdomo ninao, na atasikia. Lakini atasikia habari zake yeye, tope lake na macho yake yasiyoona mbele.

Juzi nilimwambia konda mmoja, mteja wangu wa kila siku: "Mwanangu, ukitaka kumtukana mwenzio, mtukane yeye. Mwite mzembe, mwite chapombe. Mama yake mwache, hajapanda gari lako."

Akatafuna kwanza, akafikiri. "Sasa mama, nikimwita chapombe si atakasirika kweli?"

Mwenzake akadakia kutoka ncha ya pili ya benchi: "Tena sana!"