"Msinizike Ugenini"



Yakobo aliishi Misri miaka 17. Alipokaribia kufa, alimwapisha Yusufu asimzike huko (Mwanzo 47:28-31). Wazee wetu hapa Nyarugusu nao hutuomba hivyo: "Mnirudishe Fizi." Yusufu alikuwa na magari na ruhusa ya Farao, sisi hatuna. Tusimdanganye mgonjwa, wala tusimkemee kwamba amepungukiwa imani. Tuketi karibu naye, tumshike mkono, tumwache ataje kijiji, mto na makaburi ya baba zake, watoto wakisikia. Tumwahidi tunachoweza: majina hayo hayatapotea. Yusufu mwenyewe alifia Misri. Mifupa yake ilingoja hadi siku ya safari (Kutoka 13:19). Mungu hamsahau anayelala ugenini. Amina.