RAMADHANI 19: DADA MKUBWA NAYE ANA RAMADHANI YAKE



Himdi zote ni za Allah Mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, leo ni Ramadhani 19. Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Kila mmoja anajipanga. Kuna anayetaka kukaa itikafu, kuna aliyebakiwa na juzuu kumi amalize khitima, kuna aliyeweka nia ya kusimama usiku asikose Laylatul-Qadr. Allah atutakabalie sote.

Sasa kabla hujamaliza kupanga, hebu wahesabu waliomo nyumbani kwako. Baba umo, mama umo, wavulana wamo. Je, yule binti anayembeba mdogo wake mgongoni, umemhesabu?

Chukua nyumba moja ya kawaida katika mitaa yetu. Watoto watano. Kifungua mimba ni binti, yuko kidato cha kwanza. Wanafuata wavulana wawili, kisha binti wa miaka 7 anayejifunza kufunga nusu siku, na kitinda mimba wa mwaka na nusu. Huyu wa mwisho ndiyo kwanza kajua kutembea, hataki tena kukaa chini. Kila kilichopo mezani anakitaka yeye, kila mlango ukiachwa wazi keshatoka.

Saa kumi usiku watu wanaamka kula daku, na mtoto naye kaamka. Nani anambembeleza? Dada. Mchana dada karudi shule, kafunga, kinywa kikavu. Hajavua hata sare, anakabidhiwa mtoto ili mama akune nazi na kumenya muhogo. Adhana ya Magharibi inaadhiniwa, watu wanafungua kwa tende, na kitoto kinamwaga uji. Nani anafuta? Dada. Ikifika Isha, baba na wavulana wanavaa kofia wanakwenda tarawehe. Mama kachoka, au naye kaenda. Dada anabaki na mtoto ambaye hataki kulala.

Hesabu mwenyewe. Tangu mwezi uandame, wavulana wamehudhuria tarawehe ngapi? Dada yao kahudhuria ngapi? Kasoma kurasa ngapi za Qur'ani bila kuitwa?

Hakuna mzazi aliyekaa akapanga kumdhulumu mwanawe. Mambo yamekuwa hivyo kwa sababu binti anaweza, haleti ubishi, na mtoto kamzoea. Anayefanya vizuri ndiye anayeongezewa kazi. Lakini dhulma nyingi za nyumbani huingia hivyo hivyo, kimyakimya, kwa jina la mazoea.

*Saumu yake ni faradhi kama yako*

Tukumbushane hukumu yake. Binti akishabaleghe, saumu ni faradhi juu yake sawa na ilivyo juu ya mama yake na baba yake. Swala vilevile. Kitabu chake cha amali ni cha kwake peke yake, hakiandikwi ndani ya kitabu cha mama. Kwa hiyo unaposema "mwacheni baba apumzike, kafunga", kumbuka kuwa na yeye kafunga. Na huenda kafunga huku kambeba mtoto wa kilo kumi kutwa nzima.

Na kuna jambo jingine, tulisema kwa adabu. Zipo siku ambazo binti hafungi kwa udhuru wake wa kisheria. Katika nyumba nyingi siku hizo ndizo anazobebeshwa kila kitu, eti "wewe si unakula?" Jamani, udhuru ni rehma kutoka kwa Mola wake, haukuwekwa uwe nafasi ya kumchosha. Siku hizo pia ana dhikri zake, ana dua zake, na ana mwili unaohitaji kupumzika.

Mtume (S.A.W.) alikuwa mkali katika uadilifu baina ya watoto. Mnakijua kisa cha An-Nu'man bin Bashir (R.A.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Baba yake alimpa zawadi, na mama yake, Amra bint Rawaha, akataka Mtume awe shahidi. Baba alipofika, Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa ile. Akasema hapana. Mtume akakataa kushuhudia, akamwamrisha amche Allah na afanye uadilifu kati ya watoto wake. Yule baba akarudi, akaichukua zawadi yake.

Kisa hiki tunakisoma tunapozungumzia mali, mashamba na viwanja. Lakini tafakari: kama uadilifu unatakiwa katika zawadi ya dunia, vipi katika nafasi ya kumwabudu Allah ndani ya mwezi kama huu? Ukimpa mmoja mausiku yote, mwingine ukampa nepi zote, umegawa vipi?

*Dada wa Nabii Musa*

Wewe binti unayesoma ujumbe huu kwenye simu ya mama, huku mtoto kakulalia begani, sikiliza. Kazi unayoifanya si ndogo. Allah amemtaja dada wa Nabii Musa (A.S.) ndani ya Qur'ani, katika Surat Taha na katika Surat Al-Qasas. Mama yao alimtia Musa mtoni kwa amri ya Mola wake, kisha akamwambia binti yake amfuatilie. Binti akaenda, akamwangalia mdogo wake kwa mbali bila watu wa Firauni kumtambua. Mtoto alipokataa wanyonyeshaji wote, akajitokeza, akawaambia kwa busara kuwa anaijua nyumba itakayomlea.

Tazama kazi ile ilivyotaka akili. Ilitaka jicho lisiloondoka kwa mtoto, ilitaka subira, ilitaka kujua lini kunyamaza na lini kusema. Anayelea mtoto wa mwaka na nusu anaijua kazi ya namna hiyo. Basi tia nia. Unapomwogesha mdogo wako, unapomlisha, unapomtembeza ili mama yako amalize rakaa zake, kusudia radhi za Allah na wema kwa wazazi wako. Amali zinahesabiwa kwa nia, na hili ni katika amali.

Na wewe mzazi, kisome kisa hiki mpaka mwisho wake. Dada alitumwa, akaifanya kazi yake, kisha mtoto akarudishwa kwa mama yake ili jicho la mama litulie na asihuzunike. Dada alisaidia kwa muda uliohitajika. Hakugeuzwa mama. Nasi mabinti zetu watusaidie, hilo ni malezi mema na ni haki yetu kuwaomba. Lakini mtoto arudi mikononi mwa waliomzaa.

*Baba, na nyinyi wavulana*

Wapo wanaoona mwanamume kubeba mtoto ni kujishusha. Nani aliye juu ya Mtume (S.A.W.)? Abu Qatada (R.A.) amesimulia kuwa alimwona Mtume akiswali naye kambeba Umama, mjukuu wake, binti wa Zaynab. Akitaka kusujudu anamweka chini, akisimama anambeba. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Huyu ni mtoto wa kike, kabebwa na babu yake, ndani ya swala, mbele za watu. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, mpaka ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali.

Basi kijana wa miaka 11 au 15, ukimbeba mdogo wako umefuata mwendo wa Mtume wako. Hujapungukiwa kitu. Ukikaa barazani na simu kuanzia Alasiri mpaka Magharibi huku dada yako yuko jikoni na mtoto, hapo ndipo ulipopungukiwa.

Na saa hiyo naomba tuitazame vizuri. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ngumu kuliko zote katika nyumba yenye mtoto mdogo. Mama ana njaa na haraka. Jiko la mkaa limewaka, kaimati ziko kwenye mafuta, sufuria ya uji imetolewa ikawekwa chini. Mtoto kachoka, anataka kubebwa, na hana habari kama watu wamefunga. Ukimpa dada kazi ya kukaanga huku kampakata mtoto, umewaweka wote wawili penye hatari. Sufuria moja ya mafuta inatosha kuubadilisha mwezi mzima.

Dawa yake haina gharama. Baba, ukishaswali Alasiri rudi nyumbani, mchukue mtoto, toka naye nje. Mtembeze mpaka dukani, muonyeshe mbuzi na kuku, rudi naye dakika chache kabla ya adhana. Kama uko kazini, mvulana mkubwa achukue zamu hiyo. Mtaona jiko litakavyotulia.

*Na kitinda mimba mwenyewe*

Mtoto wa umri ule hafanyi utundu kwa kukusudia. Sisi tunaofundisha watoto tunajua kuwa bado hajafikia kuelewa "subiri" wala "tumefunga". Anachoweza ni kuiga. Ndiyo maana utamkuta kavaa kofia ya kaka yake kichwa kizima, kasujudu kuelekea kabatini. Huyo yuko darasani tayari. Akikemewa na kuchapwa kila ukitandikwa mswala, atakachokijua ni kwamba swala inakuja na kilio.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala akitaka kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Tazama vizuri, hakumwondoa mama msikitini. Kwa hiyo mausiku haya, upande wa kina mama, mtoto akilia asikodolewe macho wala mama yake asiambiwe abaki nyumbani. Na aliyekuja naye asione haya kutoka naye nje kidogo mpaka atulie, kisha arudi.

Yule wa miaka 7 naye tusimsahau. Maswahaba walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi, mtoto akililia chakula anapewa kile mpaka ufike wakati wa kufuturu. Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) ndiye aliyesimulia. Yaani walimfundisha mtoto saumu kwa kumliwaza. Mpe huyu wa miaka 7 kazi ndogo ya kucheza na mdogo wake chumbani, na mdoli au mpira wa matambara. Atasahau njaa, na mdogo atapata mwenzake.

*Zamu za kumi la mwisho*

Leo baada ya futari, msitawanyike. Kaeni dakika kumi, chukueni karatasi, mpange zamu za mtoto kuanzia usiku wa 21.

1. Kila usiku awepo mmoja mwenye zamu ya mtoto, na jina lake liandikwe. Baba aandikwe, wavulana waandikwe.

2. Katika mausiku ya witiri, 21, 23, 25, 27 na 29, binti mkubwa apewe angalau matatu yawe yake kabisa. Aende msikitini na mama yake, au akae chumbani na msahafu wake, asiitwe. Mtoto akilia, aamke mwenye zamu.

3. Kila siku apate nusu saa ya Qur'ani ambayo mlango wake haugongwi.

4. Mwenye kubaki na mtoto usiku huo asione kaikosa Laylatul-Qadr. Kulea nako ni kheri, na ulimi uko huru kuomba msamaha kwa Mola huku mkono unampigapiga mtoto mgongoni.

Najua zipo nyumba ambazo baba yuko safarini, au ametangulia mbele ya haki, na mama yuko peke yake na watoto wake. Hapo zamu inatuhusu sisi majirani, mashangazi na wajomba. Mchukue yule mtoto saa moja tu baada ya Alasiri, au mkae naye usiku mmoja ili mama na binti yake waje kuswali. Unatafuta thawabu kumi hili. Hizo ziko nyumba ya pili.

Na la mwisho, mzazi mwenzangu, jambo linalochukua nusu dakika. Mwite binti yako leo, mwambie umeona anachokifanya. Mtaje kwa jina, taja na kazi yenyewe: "Nimeona unavyoamka usiku kwa ajili ya mdogo wako. Allah akulipe." Kisha muombee dua asikie kwa masikio yake. Watoto wengi wa kwanza hukua wakisikia tu walichokosea.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu, waume zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Warehemu waliochoka ndani ya nyumba zetu na hawasemi. Tufanye waadilifu kwa wakubwa na wadogo, na utufikishe sote Laylatul-Qadr, asibaki nyuma hata mmoja. Aamin.

Kesho in shaa Allah tutazungumzia adabu za itikafu. Mtumie ujumbe huu mzazi mwenzio, na ukiwa na binti mkubwa nyumbani, mpe simu ausome mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.