Binti Kuitwa Jikedume kwa Sababu ya Mchezo

Katika darasa yetu ya baada ya Isha liliulizwa suali ambalo wengi walilicheka, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Mzee mmoja aliuliza: binti aliyekwisha baleghe, asiyependa kujipamba wala kukaa jikoni, na raha yake ni michezo ya vidio, ya mpira na magari na vita, akicheza na ndugu zake wanaume, je, huyo ana ila katika dini yake, au ana ila machoni mwetu tu?

Kicheko changu kilikatika upesi, kwa kuwa binti wa namna hiyo ninaye. Ni mtoto wa dada yangu. Miezi michache iliyopita nalikwenda kwao, hapa Mji wa Kale, nimefuatana na mke wangu na jamaa zake wawili wa kike. Tukamkuta ameketi chini pamoja na kaka yake, mkononi ana kile kidude cha kuchezea, apiga kelele za ushindi. Nikaona haya mbele za wageni. Nikasema kwa sauti, "Hili ndilo jikedume letu," wageni wakacheka, nami nikamnyang'anya kile kidude nikaenda nacho. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, na huyu je?" akimwonyesha kaka yake. Sikumjibu, na deni la jawabu ile ninalo tangu siku hiyo.

Hoja ya wanaomlaumu binti kama huyu yajulikana. Mtume (s.a.w.) amewalaani wanawake wajifananishao na wanaume, na wanaume wajifananishao na wanawake. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari, wala hatutaki kuikwepa. Walakini yatupasa kutazama wanavyuoni wameifahamu vipi. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria, alipoisherehesha alieleza kuwa sura ya mavazi hukhitalifiana kwa desturi ya kila mji, na kwamba lawama katika maneno na mwendo ni ya yule afanyaye kwa kusudi. Ama aliyeumbwa hivyo, rai yake ni kuwa huamrishwa ajitahidi kuacha kidogo kidogo. Na Nawawi kabla yake alikuwa mpole zaidi, akasema mwenye kuumbwa hivyo hana lawama. Wamekhitalifiana basi, wala hatuifichi khitilafu yao. Lakini wote wawili wametuachia suali moja la kujiuliza kabla ya kuhukumu: jambo hili ni la wanaume kwa asili, au ni la wanaume kwa desturi? Na kama ni kwa desturi, ni desturi ya nani?

Hapa ndipo nilipostaajabu. Nalidhani tangu michezo hii ilipozuka ilikuwa ya wavulana. Sivyo. Pac-Man, uliotoka Japani mwaka 1980, mtungaji wake Toru Iwatani amesema waziwazi kuwa aliutunga ili wanawake nao wavutiwe waingie katika nyumba za michezo. Mwaka huo huo Marekani, Roberta Williams alitunga pamoja na mumewe mchezo wa Mystery House. Na River Raid wa mwaka 1982, wa ndege ya vita irukayo juu ya mto ikifyatua makombora, ambao mtu angeapa kuwa umetungwa na askari, ni kazi ya mwanamke, Carol Shaw. Kisha mwaka 1983 biashara hii ikaanguka Marekani, maduka yakajaa bidhaa zisizonunuliwa. Ilipofufuka tangu mwaka 1985 ilipitia katika maduka ya vitu vya watoto, na maduka hayo yalikuwa na rafu za wavulana mbali na rafu za wasichana. Muuzaji hakuwa na budi kuchagua rafu, akachagua ya wavulana, na matangazo yakafuata mkondo huo. Mwaka 1989 kikatoka chombo cha mkononi ambacho jina lake lenyewe lataja mvulana, Game Boy.

Basi mpaka tuulindao kwa jina la dini waweza kuwa umechorwa na wachuuzi wa Marekani wakitafuta pa kupanga bidhaa zao! Sisi tuliokuwa tukilia juu ya kuiga Wazungu tumeiga hata rafu za maduka yao, tukaziita haya na adabu.

Wala si mara ya kwanza kwetu kuichanganya ada na dini. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, ameandika kuwa wasichana wa kwao walifundishwa kusoma lakini si kuandika, naye akajifundisha kuandika kwa siri. (Mambo yake ya baadaye twayajua, na wapinzani wetu watayataja, lakini hakuna aliyeacha dini yake kwa sababu ya kalamu.) Leo mzazi gani wa Mombasa amkataza bintiye kalamu?

Na Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, kisha baadaye alipopata mwili akashindwa yeye. Siku ya Idi Mahabushi walicheza kwa mikuki msikitini, naye akawatazama, Mtume amemsitiri kwa nguo yake, hata alipochoka mwenyewe. Hatukusikia kuwa aliambiwa mikuki si mambo ya wanawake.

Hatusemi kuwa michezo hii haina madhara. Inayo, na mengine ni makubwa: sala kupitwa na wakati, usiku kukesha, maongezi na wageni wasiojulikana, na yale masanduku ya bahati ambayo mtoto hulipa fedha bila kujua atapata nini. Mengine ya masanduku hayo Ubelgiji iliyahukumu mwaka 2018 kuwa ni kamari, na sisi ambao kamari ni haramu kwetu wala hatukuyasikia. Lakini lipi katika haya limhusulo binti likamwacha kaka yake? Mvulana akikesha husemwa ni ujana. Msichana akicheza saa moja husemwa ameharibika.

Nami katika kuitetea dini yangu siku ile nilivunja amri iliyo wazi, isiyo na khitilafu ya mwanachuoni yeyote: katika Sura ya Hujurat tumekatazwa kuitana kwa majina ya kejeli. Yeye alikuwa akicheza mpira wa kioo. Mimi ndiye niliyetenda dhambi, mbele ya mashahidi watatu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda na kile kidude mkononi, nikamtaka radhi mbele ya mamake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yameisha, mjomba." Nikaweka sharti pamoja na dada yangu: hapachezwi mpaka sala iwe imesaliwa na masomo yamekwisha, saa nne za usiku mwisho, wala hapalipwi senti ndani ya mchezo bila ya ruhusa, na sharti hizi ni za watoto wote wawili. Binti alikubali mara moja. Aliyenuna ni kaka yake, aliyesema kuwa sharti kama hizo ni za wasichana.